Ugonjwa wa Kristofa Ambao Ndugu Yake Aliukana

Mchungaji, wazee wa ukoo, ndugu na majirani mliopanda milima kuja kutusindikiza, familia ya marehemu Mzee Yohane Shemboza imemtuma mtoto wake wa kwanza, Hezekia, awasomee maisha ya mdogo wake Kristofa, na Hezekia ameomba ayaandike kwa ukweli, pamoja na yale yanayomwinamisha kichwa.

Kristofa alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Shume, akiwa mtoto wa tatu, akabatizwa Pasaka ya mwaka uliofuata, akasoma hapahapa hadi darasa la saba mwaka 1967, na mwaka 1968 akaajiriwa msituni kuwa karani wa kupima magogo, kazi aliyoifanya miaka kumi na minane kwa mwandiko ambao kila bwana misitu aliusifu. Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na Eliza, binti kutoka Bulwa, wakajaliwa watoto watatu, Silvano, Klara na Alen, ambao wameketi mbele yenu.

Mwaka 1986, biashara ilipofunguliwa na magari ya watu binafsi yakaanza kupanda kutoka Mombo kufuata mboga, Kristofa aliacha ukarani, akawa ananunua kabichi na karoti na kuzipeleka Dar es Salaam, na hapo ndipo wengi walipoanza kuona kile ambacho Eliza alikiona nyumbani tangu zamani. Zilikuja siku tatu, pengine nne, ambazo Kristofa alikuwa moto, analima kabla ya jua, anaongea bila kituo, anaita magari mawili kwa mzigo wa gari moja, kisha zikafuata wiki tatu za kulala ameugeukia ukuta, haogi, hali, kabichi zinaoza, na akiulizwa anajibu tu, "Sina nguvu, kaka."

Septemba 1988 Eliza alimpeleka hospitali, daktari akamhoji kwa upole, akafungua kitabu, akaeleza kwamba siku za kuchangamka zilikuwa chache mno na hakuwahi kurukwa na akili, kwa hiyo hakutimiza vipimo vya ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka, akaandika hivyo kwenye karatasi, na chini yake akaandika kwamba arudi baada ya miezi mitatu. Hezekia aliichukua karatasi ile, akaisoma mbele ya kikao cha ukoo, akauruka mstari wa kurudi, akamwambia mdogo wake, mkewe na watoto wake wakisikia, "Umesikia? Huna ugonjwa. Wewe ni mvivu tu." Kristofa hakurudi hospitali.

Ikapita miaka. Eliza hakuchoka, alikuwa akitia alama kwenye kalenda ya ukutani, duara kwa siku za kupanda na msalaba kwa siku za kushuka, na Aprili 1996 alizikunja kalenda za miaka mitano akampelekea Daktari Sharifa, aliyekuwa amekuja Lushoto kutazama wagonjwa wa akili, naye alizipitia zote, mwezi baada ya mwezi, akasema, "Mama, kwa vipimo vya kitabu hajafika, lakini haya ni maradhi. Kutofika kwenye kipimo si kuwa mzima." Dawa hazikuiondoa hali ile, ila zilizifupisha wiki za kitanda, na kwa miaka miwili Kristofa aliimba tena besi kanisani. Hezekia naye alikubali, lakini alikubali vibaya, maana tangu hapo kila lililompata Kristofa aliliita ugonjwa wake ule.

Mwanzoni mwa Juni hii ya 1998 Eliza alikwenda Bulwa kumuuguza mama yake, akamwacha mumewe mikononi mwa Hezekia. Jumanne tarehe 9 Kristofa alilala, akaugeukia ukuta. Jumatano jirani yetu Halima, aliyempelekea uji, alimfuata Hezekia shambani.

"Shikamoo, kaka. Ndugu yako anapumua kwa shida, na mwili unawaka."

"Marahaba. Mwache, mama, ndivyo alivyo, ataamka."

Alhamisi Halima alirudi, akajibiwa vilevile, ndipo akaenda mwenyewe kuomba gari la mboga, na Ijumaa tarehe 12 asubuhi Kristofa akafikishwa hospitali, daktari akasema ni nimonia, mapafu yote mawili, na kwamba siku mbili nyuma angeweza kumsaidia. Saa saba mchana alifariki, akiwa na miaka arobaini na saba.

Wapo waliomshauri Hezekia aandike kwamba marehemu aliugua ghafla, lakini haikuwa ghafla, aliambiwa mara mbili. Amemwomba Eliza msamaha, na Eliza hajajibu, wala hadaiwi jibu leo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wanakwaya, wafanyabiashara wenzake wa Lukozi, dereva aliyeshusha mzigo wake ili mgonjwa apate nafasi, na zaidi ya wote Bi Halima, ambaye hakuwa ndugu wa damu, akafanya kazi ya ndugu.

Kristofa, mwana wa Yohane, ulisema kweli kwamba huna nguvu. Pumzika sasa kwa amani ya Bwana.