Mama Glavu na Agizo la Jana

Dada yangu, ambaye mlimwita Mama Glavu mpaka mkasahau jina lake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Mimi nilimfuata, nikarithi magauni yake yote.

Shule aliipenda kupita kiasi. Alirudi kutoka chuo kikuu na shahada ya uzamivu, pamoja na mazoea ya kunawa mikono yaliyotuchosha nyumbani.

Kazi yake ilikuwa maabarani, akichunguza vimeng'enya vinavyovunja RNA. Mama alitaka kujua ni kitu gani hicho.

"Seli ni jiko, mama. RNA ni karatasi ya agizo. Chakula kikishaiva lazima ichanwe, la sivyo wapishi watapika cha jana mpaka nyumba ifurike."

"Kumbe umesoma miaka yote hiyo kuchana karatasi!"

Dada alicheka kuliko sisi sote.

Vimeng'enya hivyo viko hata kwenye vidole vyetu, ndiyo sababu ya glavu. Mwaka 1984 fundi wa majokofu alishika vichupa vyake vilivyo wazi kwa mikono mitupu, kazi ya miezi ikaharibika.

"Nimegusa tu!"

"Ndiyo hivyo, umegusa!"

Kesho yake fundi alirudi kuomba radhi, amevaa glavu zinazofika viwikoni. Walioana mwaka uliofuata, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Shemeji alipofariki mwaka 2015, kijana alimtamkia dada yake neno zito palepale msibani. Hawakusalimiana tena. Jambo hilo lilimuuma mama yao kuliko maradhi ya figo yaliyompata baadaye.

Wiki yake ya mwisho hospitalini aliwaita wote wawili.

"Mama, hujui alichoniambia," binti alianza.

"Nilikuwepo. Hilo ni agizo la jana, mwanangu. Limeshapikwa, limeshaliwa, limeshatuumiza tumbo. Mnalishikilia la nini?"

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Agosti 2024, adhuhuri.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, na mimi. Jana niliwaomba watoto hao wanisaidie kuandika maneno haya. Binti alisema glavu za baba yao zilikuwa za njano, kaka yake akasema za bluu, wakabishana mpaka chai ikapoa, na siku alipozivaa hakuna aliyekuwa amezaliwa kati yao. Nimeziacha bila rangi.

Lala kwa amani, dada. Wanaongea.