Mama Tangulia, Mwalimu wa Kete Tatu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Jioni hii tunamkumbuka mama mmoja, fundi cherehani na mwalimu wa sataranji. Mtaani walimwita Mama Tangulia. Ametutoka wiki hii.

Mchana alishona mapazia. Jioni alifundisha wanaoanza sataranji, katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa mtaa. Wanafunzi walikuja wakitaka vita. Yeye aliondoa kete karibu zote. Zikabaki tatu tu ubaoni: wafalme wawili na askari mmoja.

Wifi yake, muuza viatu vya mitumba, alilalamika siku ya kwanza.

"Wifi, mimi nimekuja kupigana! Huyu mfalme unamtembeza tu kama anapunga upepo."

"Haya, msukume askari wako tuone."

Akamsukuma. Mfalme wa mwalimu akaja, akasimama mbele yake. Njia ikafungwa. Sare.

"Umeona? Umemtuma mtoto dukani peke yake. Mfalme atangulie!"

Jina lilitoka hapo.

Kisha koo likaugua. Madaktari wakatoa uvimbe, na sauti ikaenda nao. Narudia, wasikilizaji: mwalimu huyu alipoteza sauti kabisa.

Msimamizi wa ukumbi, mtu muungwana, akamvuta wifi pembeni. "Dada yangu, mwalimu asiyesema atafundishaje? Kuna wanakwaya wanakitaka hicho chumba."

Mama alisikia. Sauti ilikwenda, masikio yalikuwa mazima. Hakulia, hakununa. Alimshika msimamizi mkono, akamkalisha mezani, akampa mfalme na askari. Mwenyewe akabaki na mfalme mtupu.

Msimamizi hakuwahi kugusa kete maishani. Akamkimbiza askari. Sare. Wakapanga upya, akamkimbiza tena. Sare. Jasho likaanza kumtoka. Aliponyoosha mkono kwa mara nyingine, mama akamfunika askari kwa kiganja.

Msimamizi akakitazama kile kiganja. Akatazama ubao. Taratibu, akasogeza mfalme.

Mama akaitikia kwa kichwa: ndiyo.

Wafalme wakasogeleana mpaka wakatazamana, mraba mmoja katikati. Zamu ilikuwa ya mama. Hapo mwenye zamu hana ujanja, lazima apishe. Akapisha. Mfalme wa msimamizi akapenya, askari akamfuata nyuma, hadi mwisho wa ubao. Na askari akifika mwisho, hugeuka malkia.

"Malkia!" Msimamizi aliruka kitini. "Jamani, nimepata malkia!"

Wifi anasimulia huku akicheka na kufuta machozi: "Nikamuuliza, mzee, umefundishwa na nani? Akawapa wanakwaya Jumapili tu, jioni nyingine zikabaki zetu."

Mama Tangulia alifundisha hivyo, bila neno, mpaka mwili ulipokataa.

"Tulimzika asubuhi," anasema wifi, "jioni nikafungua darasa. Wapo walionuna. Wanune! Wanafunzi wapya walikuwa wamesimama mlangoni. Ningewaambia warudi kwao, kisa nina msiba? Nililia huku napanga kete."

Kwa mume wake, wanawe, na wewe wifi mtu, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nawe msikilizaji, pengine kuna kitu kimekunyang'anya kile ulichotegemea. Kaa kidogo, ujiulize: unachokijua, nani bado anakihitaji? Mwendee. Usingoje upone kwanza.