Mstari Ambao Fundi Hakuusema

Basini, mbele yangu waliketi fundi wa pampu za maji na mpwa wake, binti mwenye kompyuta magotini. Sikukusudia kusikiliza, ila masikio hayana kifuniko.

Binti alikuwa amegeuza ujuzi wa mjomba wake kuwa mchoro: kila mlio au joto la pampu kidoti, kila ubovu kidoti, na mistari ikiunganisha vinavyoandamana. Sasa kompyuta ilikuwa imeongeza mstari mmoja yenyewe, wa kwenda kwenye shafti, chuma kinachozungusha pampu. "Mlio ule na joto lile vinaelekea kwenye shafti iliyopinda," alisema. "Na pampu ya hospitali uliyoitengeneza na kuifunga jana ilikuwa na vyote viwili."

"Mimi nilikwambia habari ya shafti?"

"Hukuniambia, mjomba. Lakini watu wawili wakiwa na marafiki walewale, huulizi kama wanajuana."

"Nimekula chumvi nyingi kwenye kazi hii, leo nije nifundishwe na bati hilo!"

"Bati linakurudishia maneno yako mwenyewe. Twende tukaifungue."

"Nimebadilisha beringi zilizokuwa zikilia, basi. Yamekwisha."

Aliyesema yamekwisha alikuwa amekumbatia mkoba wa spana kama anayempakata mtoto mwenye homa.

"Ikifa, wodi ya wazazi haina maji," binti alisema taratibu. "Kama nimekosea, nitaufuta mstari mbele yako."

"Utaufuta!"

Tiketi zao zilikuwa za mwisho wa njia. Basi liliposimama hospitalini, binti aliinuka bila kuendeleza mabishano. "Haijapinda," mjomba alisema kwa ukali, akimtangulia mlangoni, spana tayari mkononi.