Mikono Mitatu Kwenye Gitaa la Mvumo

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna kitu kinachemka jikoni, punguzeni moto. Kama ndiyo kwanza umerudi kazini, vua viatu ukae. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyetutoka wiki iliyopita. Mchana alifua mashuka ya hospitali. Jumamosi alipiga gitaa la besi. Ukumbini walimwita Mvumo.

Wengi wenu mmecheza kwa besi yake bila kumjua sura. Ndivyo walivyo wapiga besi. Watu huwagundua siku wasipokuwepo.

Jina hilo alilipata kwa kisa. Gitaa lake lilikuwa la bei ya chini, lile linalokaa kwenye rafu ya mwisho dukani, karibu na ufagio. Ukiliwasha tu, kabla hujagusa uzi, lilivuma kama jokofu bovu. Mpiga ngoma wa bendi akaanza kumwita Mvumo. Mama wa watu akacheka, na jina likaganda.

Gitaa hilo alinunuliwa na mumewe. Mumewe alikuwa fundi umeme. Feni, pasi, redio, chochote chenye waya kilipita mikononi mwake. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mkewe naye alimwita Fundi. Binti yao ameniambia hivi: "Baba alikuwa mtu wa maneno. Ukimletea pasi, unaondoka na pasi yako na hadithi juu."

Kisha Fundi akapata kiharusi. Ilikuwa asubuhi, ameinama anafunga kamba za viatu. Mkono wa kulia ukalala. Mguu ukawa mzito. Na maneno, wasikilizaji, yale maneno yake mengi, yakakwama kooni. Yakabaki "ndiyo", "hapana" na "maji".

Basi ndiyo maisha ya Mvumo yakawa hayo. Kutwa nzima yuko kwenye chumba cha kufulia, kati ya mvuke na mashine zinazonguruma, anavuta mashuka yaliyolowa, mazito kama yamejazwa mchanga. Akirudi nyumbani anamwogesha mume, anapika, anamkanda ule mkono uliolala. Jumamosi wifi yake anakuja kukaa na mgonjwa, naye anabeba gitaa kwenda ukumbini. Alikuwa akipiga amefumba macho. Watu wakidhani ni utamu wa muziki. Binti yake anasema, "Mara nyingine ilikuwa usingizi."

Siku moja kiongozi wa bendi akamwita pembeni. Huyu alikuwa bwana mmoja anayevaa miwani ya jua hata ndani ya ukumbi.

"Dada, samahani. Besi yako haisikiki. Kinachosikika ni ule mvumo tu. Ama ubadilishe gitaa, ama tutafute mpigaji mwingine."

Mvumo alitaka kukasirika. Akajikuta hana hata nguvu za kukasirika. Akasema, "Nimesikia," akaenda zake.

Nyumbani alimsimulia Fundi, kama alivyomsimulia kila kitu, bila kutegemea jibu. "Wanataka ninunue gitaa jingine. Hili silitupi, Fundi. Wakitaka watanitupa mimi pamoja nalo."

Fundi akanyoosha mkono wa kushoto. Akagonga kwa ukucha kile kidude cheusi kilicho chini ya nyuzi. Tok, tok.

"Hii," akasema.

"Hii nini?"

Akahangaika. Jasho likamtoka. "Hii... mbaya."

Kidude hicho, wasikilizaji wapendwa, wanamuziki hukiita pikapu. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Hiyo ndiyo inayosikia uzi ukitikisika na kuipelekea spika habari. Gitaa la Mvumo lilikuwa na pikapu mbili, zote za ovyo. Fundi alikuwa anasema hivi: gitaa ni zima, masikio yake ndiyo mabovu.

Mpiga ngoma akamtafutia pikapu mbili nzuri. Jumapili mchana wakaketi kwenye meza ya chakula, mke na mume, gitaa limelazwa kati yao kama mgonjwa. Wifi, aliyekuwa amelala pale tangu Jumamosi, alipoona chuma cha kulehemu kinatoa moshi, akashika kiuno.

"Jamani! Mmoja hana mkono, mwingine hana usingizi, na bado mnataka kucheza na moto?"

"Mkono upo, wifi," Mvumo akasema. "Miwili yangu na mmoja wake. Hesabu vizuri."

Ikawa kazi ya mikono mitatu. Fundi anabana waya kwa vidole vya kushoto, Mvumo anagusa kwa chuma cha moto. Hakuwa amewahi kulehemu maishani mwake. Alijiunguza kidole, akakitia mdomoni, akaendelea. Pikapu mpya zilikuwa pana kuliko matundu ya zamani, kwa hiyo akachukua patasi, akapanua mbao kidogo kidogo, huku Fundi akitikisa kichwa kila alipozidisha. Mwisho wakafunga skrubu, wakarudisha nyuzi, wakachomeka waya wa spika.

Ule mvumo ukawa haupo. Kimya kabisa. Mvumo akatabasamu, akapiga uzi.

Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, kama ya mtu anayeongea amebana pua. Mbaya kuliko ya mwanzo. Akapiga tena. Vilevile.

Akaliweka gitaa mezani. Akalaza kichwa juu ya mikono yake. "Nimechoka, Fundi," akasema. "Nimechoka mimi."

Si kuchoka kwa siku hiyo. Nadhani mnaelewa.

Fundi akalivuta gitaa karibu naye. Kisha akasema, "Moja."

Mvumo hakuinua kichwa. "Unataka maji?"

"Hapana. Moja... moja." Akashika kitufe cha sauti cha pikapu ya kwanza, akakizungusha mpaka mwisho ili ife, akamwashiria mkewe apige. Akapiga. Sauti ikatoka imejaa, nzito. Fundi akaiwasha ile, akaizima ya pili. Ikatoka imejaa pia. Akaziwasha zote mbili. Nyembamba!

"Zinagombana," Fundi akasema.

Neno zima, wasikilizaji. Limenyooka, halijakwama popote. Wakatazamana.

"Rudia," Mvumo akanong'ona.

"Zinagombana. Geuza. Mweusi, mweupe. Geuza... moja."

Maana yake ni hii. Nyaya za pikapu moja zilikuwa zimeungwa kinyume. Moja ikisukuma, nyingine inavuta, sauti inafia katikati. Mvumo akafungua tena zile skrubu, machozi yakimchuruzika na hana mkono wa kuyafuta. Akageuza waya mweusi na mweupe wa pikapu moja tu. Akafunga. Akapiga uzi mnene kuliko zote.

Glasi zikagongana kabatini. Wifi akatoka chumbani akiuliza nani anavunja mlango. Fundi akaweka kiganja juu ya tumbo la gitaa, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, upande ulio mzima.

Jumamosi iliyofuata kiongozi wa bendi alivua ile miwani. "Dada, hili ni gitaa gani tena?"

"Lile lile."

Alipiga msimu mzima, na watu wakaanza kugeuka kumtafuta anayepiga besi ni nani. Kisha bendi ikaanza kualikwa miji ya mbali. Hapo ndipo Mvumo alipoaga. Akamwambia kiongozi, "Mlitaka nisikike. Nimesikika. Sasa naenda kukaa chini." Wakambembeleza. Wakadhani ana kinyongo. Hakuwa nacho. Alikuwa amechoka, basi.

Lakini gitaa hakuliacha. Kila jioni alikaa mbele ya Fundi, akapiga noti moja polepole. Fundi akaweka neno juu yake. Noti, neno. Noti, neno. "Mezani." "Dirisha." "Binti yangu." Lile neno la Jumapili lilikuwa limemfundisha Mvumo kwamba maneno bado yamo. Ilichukua miaka. Majirani walichoka kuisikia, na yeye mwenyewe alikuwa akisinzia katikati ya mapigo, Fundi akimgusa goti, akaendelea.

Wiki iliyopita alirudi kutoka zamu, akajilaza kidogo kabla ya kupika. Moyo ukasimama. Aliyepiga simu kuita majirani alikuwa Fundi, na kila mmoja alimwelewa.

Msibani kaka wa marehemu alijitolea kumsemea. Fundi akakataa. Akasimama, ameegemea kiti, akasema polepole mbele ya watu wote. Nimeomba ruhusa yake niyarudie maneno hayo hapa.

"Mmesema mke wangu alikuwa hachoki. Alikuwa anachoka. Alichoka kila siku. Alinipa maneno haya... akiwa amechoka. Nilikuwa na neno moja la kumwambia. Nililisema jioni zote. Nalisema tena. Asante."

Akakaa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki, nampa pole Fundi. Nampa pole binti yao, na wifi, na wanabendi, na kina mama wa chumba cha kufulia ambao leo asubuhi wameingia zamu na mwenzao mmoja pungufu. Mungu amlaze pema.

Nasi tuliobaki, tutafakari. Kama nyumbani kwako yupo mtu anayeingia jioni na kabla hajakaa ameshaanza kazi nyingine, usimsifu kwamba ana nguvu. Inuka. Mpokee alichobeba.