Kwamboka na Farasi wa Shujaa wa Waarmenia

Ndugu na marafiki, mimi ni Moraa, mdogo wake marehemu. Dada alinikataza kulia kabla sijamaliza kusoma, kwa hiyo mnivumilie nikikimbiza maneno.

Kwamboka alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Tabaka, Kisii, kifungua mimba wa Mzee Ondieki, mchonga mawe, na marehemu mama yetu Clara. Kwetu wanaume huchonga. Wanawake husugua kwa msasa na maji mpaka jiwe ling'ae. Kwamboka hakuikubali desturi hiyo hata siku moja. Akiwa darasa la sita alichonga kiboko nyuma ya jiko kwa patasi ya baba, kisha akamchanganya na kazi za baba. Baba akamuuza huku akijisifu! Alipoambiwa aliyemchonga ni nani, alifoka: "Patasi si ya msichana." Sisi tulicheka chini kwa chini.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1989, akafunga ndoa na Kibet mwaka 1995, na mwaka 2004 wakahamia ng'ambo, mjini Irving, baadaye Lewisville. Alihudumia wagonjwa hospitalini, na siku zake za mapumziko alijifunza kuchonga katika karakana ya mawe ya makaburi, Fort Worth. Shemeji Kibet alizoea kumuuliza, "Mama Glory, utapumzika lini?" Naye alimjibu, "Nikizeeka."

Mwaka 2024 Waarmenia wa Houston waliagiza sanamu ya Daudi, shujaa wa masimulizi yao ya kale, aliyepanda farasi kwenda kuwatetea watu wake. Bosi wa karakana alimchonga Daudi. Farasi akamwachia Kwamboka. Jamani, alifurahi huyo, hata chakula hakikupita!

Februari 2025 alipatikana na saratani ya kongosho. Daktari akamsihi atulie nyumbani. Akamwambia, "Daktari, farasi ana miguu mitatu. Nitamwachaje kilema?" Siku alizopata nguvu, Kibet alimpeleka Fort Worth, akachonga akiwa ameketi. Agosti, mguu wa nne ukakamilika.

Sanamu ilizinduliwa Houston Jumapili, 14 Septemba. Alikuwepo kwenye kiti cha magurudumu. Binti yake Glory alimpigia babu simu ya video.

"Farasi huyo kachongwa na nani?" mzee akauliza.

"Na Mama."

Mzee akaaga, akakata simu. Dada alisubiri neno moja tu la sifa, na halikuja. Iliniuma sana.

Alifariki tarehe 2 Novemba 2025 nyumbani kwake Lewisville, Kibet akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, binti Glory, mimi, na baba yetu, ambaye hawezi kusafiri.

Juzi tulimsomea baba maandishi haya kwa simu. Tulikuwa tumeandika "binti wa fundi Ondieki." Akatukatiza: "Futeni. Fundi ni yeye. Mimi niandikeni baba yake."

Tumeandika, Baba. Lala salama, Fundi Kwamboka.