Nilisikia Boti

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mama pale nyuma mwenye kanga ya njano, hebu sogea mbele kidogo. Ndiyo, wewe. Nikikuitikia bila kuuona mdomo wako, utaniuliza ya sokoni nikujibu ya msikitini. Na nikianza kupiga kelele kama naita mtu ng'ambo ya mto, mwenyekiti nipungie mkono. Haya, mmecheka. Alhamdulillahi. Kuna wakati watu wakicheka mbele yangu nilikuwa natetemeka.

Majina ya watu sitayataja. Langu la uwanjani wengi wenu mnalijua: Kocha Mapumziko. Nimefundisha mpira hapa Kibiti tangu ndevu zangu nyeusi. Timu yangu ilikuwa inafungwa kipindi cha kwanza mpaka mashabiki wanaanza kuondoka, halafu tukitoka mapumziko vijana wanarudi uwanjani watu wengine kabisa. Wakasema nina dawa. Dawa yenyewe ilikuwa mdomo huu. Nawakalisha vijana chini, nawaacha walalamike, halafu neno la mmoja nalidaka nalirudisha kwa utani. Beki akinung'unika kwamba yule winga ana mbio, namwambia, "Mbio anazo, breki hana. Wewe simama tu, atakupita aende zake Ikwiriri." Wanacheka, woga unawatoka, tunashinda. Nikitumwa nyanya sokoni narudi jua limezama, kwa sababu kila meza nasimamishwa tupige soga.

Sasa nawaambia jinsi kitu kinavyomtoka mtu. Hakikutoka kwa kishindo. Niligundua tu kwamba watu wa Kibiti wameanza kunong'ona.

Wallahi, mji mzima. Wachezaji wakiniona nakuja, wanashusha sauti. Muuza samaki ananong'ona bei kama anauza bangi. Mke wangu akishika simu ananong'ona, nikiingia ndani anaikata. Nikamuuliza, "Unaongea na nani?" Midomo ikacheza, nikaokota jina la binti yetu humo katikati. Nikajiambia, huyu ananificha. Kumbe mtu akianza kuogopa, kila mlango uliofungwa una mtu nyuma yake! Na masikioni kukawa na mlio, jii, jii, kama nyenje, mchana kweupe. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na wote wananong'ona?

Ikaja mechi ya Salale. Mnaoijua delta mnajua mpira wa kule unapangwa na maji. Mkichelewa maji yanakupwa, boti inakaa juu ya tope, mnalala na mbu wa mikokoni. Mapumziko, moyo wangu wote uko kwenye boti. Kiungo wangu, yule niliyempenda kama mwanangu, akaniinamia akasema neno. Nikasikia "boti." Nikamjibu kwa sauti kubwa, ile yangu ya zamani, "Boti haiondoki bila wewe! Usijifanye abiria, rudi ukacheze!" Nikangoja kicheko.

Hakucheka mtu. Yule kijana alinitazama, akainama akafunga kamba za viatu, akarudi uwanjani. Haukupita muda alianguka peke yake, hata hakuguswa, tukambeba mpaka kwenye boti akiuma kitambaa. Nahodha wa timu akanijia usoni kabisa, akanifokea, kwa hiyo yeye nilimsikia: "Kocha, mwenzetu kakwambia goti, wewe unamletea mzaha?"

Goti, ndugu zangu. Alisema goti.

Mtu mwenye akili angejiuliza kuhusu masikio yake hapohapo. Mimi niliogopa hata kujiuliza. Nilijiambia kuna mkono unaingia kati ya mdomo wa mtu na sikio langu, unayageuza maneno njiani. Na hapa wapenzi wa mpira mtanielewa, maana kamati ya ufundi mnaijua. Ufundi wa mpira haiujui hata kidogo, kazi yake ni waganga na mambo ya kufukia golini. Mzee mmoja wa kamati yetu akanivuta pembeni, akasogeza mdomo mpaka sikioni kwangu, akasema, "Nyota yako imefungwa. Aliyeifunga mnakula naye chungu kimoja." Na hilo, jamani, ndilo neno nililolisikia vizuri kuliko yote katika kipindi kile.

Chungu kimoja nakula na nani? Na mke wangu. Mwanamke aliyenifulia jezi za timu nzima kabla hatujapata mfadhili. Nikaacha kula chakula chake. Akipakua wali, nasema nimeshiba, halafu naenda barabarani kula chipsi nimegeukia ukutani. Usiku nalala ukingoni mwa kitanda. Akinigusa bega nashtuka kama nimeguswa na nyoka, na yeye anarudisha mkono wake taratibu. Nilikuwa namwogopa mke wangu. Naona haya kulisema, lakini tumekuja hapa kusema.

Vijana wakaanza kutoroka mazoezi. Nilikuwa nafoka tu, utani sina tena, nitataniana vipi na watu nisiojua wanasema nini? Siku moja nikavuka barabara kuu, lori likapita nyuma ya kisigino changu, upepo wake ukainua kanzu yangu mpaka magotini. Watu wakakimbilia, wakiniashiria mikono kwamba dereva alipiga honi tangu kule juu. Sikusikia honi. Nikasema basi, wameshaamua kuniua.

Lakini kilichonimaliza si lori. Ilikuwa Ijumaa, nimekwishaoga, nimekaa barazani nasubiri adhana. Nangoja, nangoja. Mara naona jirani yangu anarudi, mswala begani. Swala imekwisha! Adhana imepita juu ya paa langu, mimi sikuitwa. Niliingia ndani nikajifungia, nikalia na kanzu yangu nyeupe mwilini. Niliamini Mwenyezi Mungu amewaita wote, mimi ameniruka.

Nilipotoka mle chumbani nilikuwa nimekata shauri. Mama yangu mdogo alikuwa amefariki Chumbi, na kaka wa mke wangu angekuwepo mazikoni. Nikapanga tukishatoka kuzika, nimwite pembeni, nimrudishie dada yake. Neno la talaka nilikuwa nalo tayari chini ya ulimi. Wote wawili tulipanda gari moja kwenda msibani, yeye amenishikia kofia yangu, hajui lolote.

Pale msibani yupo binamu yangu, mtoto wa mjomba, anakaa Salale. Mnajua binamu na binamu ni watani tangu kuzaliwa. Tangu utoto yeye ananiita mume wangu, mimi namwita mke niliyemkataa. Siku hiyo alikuwa amevaa kofia ya mwanamume, mwiko mkononi, anapita kwa waombolezaji kuwafuta machozi kwa vituko, kama kawaida ya watani. Akanijia huku kajifunika mdomo kwa kanga, akasema maneno. Wote wakaangua kicheko. Mimi nikaona midomo imefunikwa na watu wananicheka. Nikasimama nikamkemea, "Wewe! Umetumwa na nani?"

Kwetu huku mtani hakasirikiwi. Hata akuvue kilemba mbele ya shehe, unacheka. Wazee walinitazama kama nimetapika mkekani. Shemeji yangu naye alikuwa amekaa mbele yangu, nikaona ni heri nimalize yote palepale. Nikafungua mdomo nimwite.

Na hapo ndipo Mungu alipomtumia mtani. Binamu yangu hakukasirika. Alizunguka nyuma yangu. Baadaye waliniambia alichosema, na alikisema kwa sauti ya kuitia mtu shambani: "Kocha wa kuku! Suruali inakuvuka! Huyo mkeo namwoa mimi!" Watu wakajaribu kujizuia kucheka, wakashindwa, kisha wakaacha wenyewe mmoja mmoja. Kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama vilevile, natazama mbele, sijageuka.

Akaja mbele. Akavua kofia. Akashusha kanga mdomoni, akanishika mashavu kwa mikono miwili, akasema polepole, "Mume wangu. Tangu lini hunisikii?"

Nilitaka kumwambia nasikia. Sikuweza. Nililia pale mbele ya wakwe na wazee, na neno la talaka likayeyuka na machozi. Mke wangu akapenya kutoka upande wa wanawake, akasimama mbele yangu. Nikamuuliza, "Kwa nini ulikuwa unanong'ona kwenye simu?" Akashangaa. Akaniambia karibu na uso wangu, "Sijanong'ona hata siku moja. Nilikuwa nazungumza na mwanao kwa sauti hiihii. Nakuita jikoni, huitiki. Nikadhani umenichoka."

Ndugu zangu, kila mmoja ndani ya nyumba yetu alikuwa anaogopa peke yake.

Daktari wa masikio alinipima, akasema kilichokwenda hakirudi, kilichobaki tutakikuza. Vifaa hivi mnavyoviona masikioni ndivyo alivyonipa. Aliponivisha, sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ndala zangu mwenyewe sakafuni, pwata, pwata, nikaruka nikidhani kuna mtu nyuma yangu. Adhana nilipoisikia tena niliketi chini palepale njiani, nikaisikiliza mpaka mwisho.

Yule kiungo nilimfuata mpaka kwao Mtawanya. Hachezi tena. Nilimweleza boti na goti, akasema, "Kocha, ungesema tu rudia." Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikumdai. Timu nimeirudia, ila sasa mapumziko wanakaa nusu duara, anasema mmoja mmoja, uso umeniangalia. Tunafungwa zaidi kuliko zamani. Na woga bado ninao. Betri ikiisha nikiwa katikati ya watu, mji unaanza kunong'ona upya.

Namshukuru binamu yangu, mke niliyemkataa, kwa matusi yake. Namshukuru daktari, nanyi wenzangu wa masikio mazito mnaonivumilia hapa kila tunapokutana. Na kama kuna mtu leo anaona watu wote wamemgeuka, nampa neno moja tu, lile la yule kijana. Mimi niliyeishi kwa mdomo, neno hilo lilinishinda, nikakaribia kuvunja nyumba yangu.

Mke wangu amekaa pale karibu na mlango. Naona midomo yake inacheza, na nyinyi mnacheka. Amesema kitu. Sijakisikia.

Mama, njoo huku mbele. Rudia.