Aliitwa Mara Tatu Mlangoni

Ndugu, jamaa na majirani, poleni kwa msiba na poleni kwa jua, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imeniomba niwasomee maisha yake, nami nitasoma taratibu, kwa kuwa binti yake amesimama hapa kando yangu akifasiri kwa mikono, kwa ajili ya mama yake na viziwi wenzake waliokalishwa nyuma kabisa, sijui nani kawapeleka huko wasikoona kitu, naomba wasogezwe mbele.

Kaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili wa fundi cherehani, na mwaka 1971 homa ya uti wa mgongo ikamwachia uhai lakini ikamnyima usikivu, tangu hapo mama akatuwekea sheria moja nyumbani, kwamba anayemtaka asipige kelele, amfuate alipo, amguse bega.

Alianza shule mwaka 1975, akawa anachapwa kila asubuhi kwa kutoitika jina lake, mwalimu akisema sikio la kufa halisikii dawa, kana kwamba ule ni ukaidi, hadi baba akamtoa, na mwaka 1979 alipata nafasi shule ya viziwi, akajifunza lugha ya alama, akirudi likizo ana maneno mengi mpaka sisi tunaomba poo.

Tarehe 2 Mei 1988 aliajiriwa kuwa dobi wa hospitali, akafua na kupiga pasi mashuka ya wodi na makoti ya madaktari kwa miaka thelathini na sita bila kupandishwa cheo, ingawa wasimamizi wake wote yeye ndiye aliyewafundisha kazi, na humo walimwita Bubu, kumbe kiziwi alikuwa, bubu hakuwa, anayebisha atuulize sisi tuliowahi kugombana naye.

Mwaka 1994 alifunga ndoa na msusi, kiziwi mwenzake, wazee wa pande zote wakipinga, na msajili akakataa ishara, akataka ndiyo ya mdomo, kaka akaitoa kwa sauti iliyotikisa madirisha. Walijaliwa binti huyu mmoja, ambaye tangu utotoni ndiye mdomo wao benki, sokoni na kwa daktari, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anachoka.

Kuanzia 2021 alisumbuliwa na moyo, na asubuhi ya tarehe 6 Mei 2024 alibanwa kifua akiwa kazini, akavuka ua kwenda kwa wagonjwa wa nje, akamwonyesha karani masikio yake, karani akaitikia kwa kichwa, naye akaketi benchi la mbele, kisha akaitwa kutoka mlangoni mara tatu, ikaonekana hayupo, wakaingia wengine. Binti yake alipofika mchana alimkuta palepale, ameukazia macho mlango, akiamini zamu yake bado. Alifariki jioni hiyo. Nimechoka, jamani, hata hasira sina tena.

Tunawashukuru madaktari waliohangaika naye jioni ile, majirani kwa viti na maturubai, na madobi wenzake kwa shuka la kumfunika, mmelipiga pasi kama alivyowafundisha. Ombi letu ni moja, wakati wa kuweka maua, mjane na wenzake wasiitwe kwa kipaza sauti.

Kapumzike, kaka, na huko uendako wakikuhitaji wasikuite kutoka mlangoni, waje wakuguse bega.